Nilivyomchora ng'ombe wa mahari kwa penseli za maji, akanenepa mbele ya wakwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Busia, upande wa Uganda.

Mambo haya yalitokea ule mwaka tuliokula mukene mpaka paka wakawa wanageuza uso. Ng'ombe walishikwa na ugonjwa wa miguu na midomo, karantini ikawekwa, bucha zikafungwa, na watu wenye meno ya nyama wakajifunza kutafuna vichwa vya samaki. Sikukuu, mukene. Msibani, mukene. Kuna harusi moja huko Masaba wageni walipewa pilau ya mukene na MC akaitangaza kana kwamba ni mbuzi mzima.

Mimi sikulalamika. Muuza mukene ni mimi. Wa Kenya mnamwita omena, wa Tanzania dagaa, lakini samaki ni yule yule.

Ninayosema yote ni kweli. Kama nimetia uongo hata kidogo, mukene wangu anyeshewe akiwa ameanikwa. Mtu wa samaki wakavu hana kiapo kikubwa kuliko hicho.

Mnijue kwanza. Nimesoma mpaka darasa la tatu. Nilizaliwa upande wa Kenya nikaolewa upande huu, kwa hiyo Kiswahili changu huvuka mpaka bila kitambulisho. Mkikuta kosa, lirukeni kama dimbwi. Naandika mwenyewe, kidole kimoja, miwani imefungwa kwa uzi. Nina wajukuu tisa na hakuna hata mmoja mwenye sura mbaya.

Sasa tuingie.

Mjukuu wangu Taaka yuko chuo huko Busitema, anasomea mambo ya mashine. Alipokuja likizo akaniachia kopo la bati lenye penseli kumi na mbili za rangi.

"Kukhu, hizi ni zako," akasema. Sisi Wasamia kukhu ni bibi. "Zitakutuliza akili."

Nikamuuliza nani amemwambia akili yangu inakimbia. Akacheka, akapanda boda, akaenda zake. Hakunieleza kitu kingine. Hilo ndilo kosa la wasomi, wanadhani kila kitu kimeandikwa kwenye kopo.

Kweli kiliandikwa. Kwa lugha ya Wachina.

Nikachora nyanya. Rangi ikatoka hafifu, kama juisi ya shule. Nikakandamiza mpaka ncha ikavunjika. Bado nyanya imepauka. Nikasema ala, mtoto wangu ameuziwa feki.

Halafu nikamkumbuka karani wa pamba.

Nyinyi vijana hamjui. Tulipokuwa wasichana tulipeleka pamba kwenye mizani, na karani alikuwa na penseli ambayo haiandiki vizuri mpaka ailambe. Anailamba, anaandika, inatoka zambarau iliyokolea. Midomo yake ilikuwa ya zambarau msimu mzima na wasichana tulimwona mtu mkubwa sana.

Basi nikailamba ile nyekundu.

Wakuu! Rangi ilishuka kama damu ya kuku! Nikalamba kijani nikaweka majani. Nikalamba bluu nikaweka mbingu. Nikalamba ya njano, ile ina ladha ya chaki. Nyanya ikang'aa mpaka nikaitolea mate ya kweli.

Saa nane nikaenda mazoezi ya kwaya. Mimi ni sauti ya kwanza, nafungua mdomo wote. Tulipofika kibwagizo, Mama Mchungaji akainua mkono, kwaya ikanyamaza.

"Mama Ouma, ulimi wako una nini?"

"Una nini?"

"Uko kijani. Na huku pembeni ni bluu."

Nikajaribu kueleza mambo ya karani wa pamba lakini hakuna aliyesikiliza. Wakanikalisha. Wakaniwekea mikono. Niliombewa, wakuu, nikapakwa mafuta, mama mmoja akaanza kulia kwa sababu bibi yake marehemu naye alianza hivyo hivyo.

Nilikubali maombi. Huwezi kukataa maombi. Lakini nilirudi nyumbani nimenuna.

Nikampigia Taaka. Alicheka mpaka airtime yangu ikaisha, ikabidi yeye anipigie.

"Kukhu, hizo ni penseli za rangi za maji! Unachora kavu, kisha unapitisha brashi yenye maji. Brashi nilikuachia humo humo ndani."

Kumbe ile brashi ndogo! Wiki nzima nilikuwa nasafishia nayo tundu la chaji ya simu.

Akanifundisha kwa simu, jioni baada ya jioni. Karatasi ya daftari haifai, inakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, na ukizidisha maji inatoboka. Yangu ilitoboka, kitambaa cha meza kikapata nyanya ambayo haijatoka hadi leo. Unaanza na rangi nyepesi, nzito zinakuja mwisho. Maji kidogo. Subiri ikauke ndipo uongeze. Na palipo peupe usipake kitu, uache karatasi yenyewe ndiyo iwe nyeupe.

Hilo la mwisho lilinishinda kuelewa. Sasa penseli nyeupe waliiweka koponi ya nini? Mpaka leo haijanifanyia kazi yoyote, inakaa tu humo kama shemeji asiye na kazi.

Mtanisamehe, shemeji anakuja hapo mbele.

Nikachora kuku. Jirani yangu Adikini akaja kuomba chumvi, akamwangalia sana.

"Mama Ouma, hii pasi umeipatia."

"Ni kuku huyo."

"Aa. Mimi nilikuwa naona mahali pa kutia makaa."

Chumvi hakupata.

Lakini niliendelea. Nikichoka na soko, nikishamaliza kupepeta mukene, naketi na kopo langu. Ukipitisha ile brashi, mistari inayeyuka, vitu vinakuwa na mwili. Ni raha ambayo sikuwahi kuambiwa kwamba ipo. Mwezi wa pili Adikini alimtambua mbuzi bila kuuliza. Nikaanza kujisifu sokoni, nakiri.

Sasa hapo ndipo mjukuu wangu Wandera anapoingia.

Wandera anachomelea mageti hapa mjini. Baba yake, mwanangu Ouma, alitutoka kijana akiwa bado ananyonya, na mimi ndiye niliyemlea. Amempata msichana anaitwa Athieno, fundi cherehani wa Tororo, mpole lakini macho yake yanaona. Wazazi wa Athieno wako Merikit. Mbuzi tulishapeleka. Walibaki ng'ombe wawili, na siku ya kuwapeleka ilishapangwa.

Karantini ikaingia katikati. Ng'ombe haruhusiwi kuvuka hata barabara.

Tungesubiri, lakini kulikuwa na jamaa wa Malaba mwenye lori. Alikuwa anapita pita pale Merikit na sukari, mara na sabuni, anamwita mama yake Athieno "mama". Watu wa kule wakatuma neno kwamba kama siku ile itapita bila ng'ombe kuonekana, mazungumzo yamekufa na kila mtu ashike njia yake.

Wandera aliacha kula. Mtu mwenye mikono kama koleo, anakaa anaangalia mukene kwenye sahani kana kwamba mukene ndio watamjibu. Nilimlea huyo kwa maziwa na uji, sikuweza kuvumilia kumtazama.

Nikasema tupeleke photo. Msemaji wao, Mzee Obbo, baba mkubwa wa Athieno, akakataa kabisa. Kuna mkwe aliwahi kuwaonyesha ng'ombe kwenye simu, mnene, ana kengele shingoni, na nyuma yake kuna mlima wenye theluji. Merikit wanauona mwamba wa Tororo peke yake, na ule haujawahi kuwa na theluji.

"Picha ya simu hapana," Mzee Obbo akaniambia kwenye simu. "Hiyo ngombe inaweza kuwa ya mtu yote. Leteni mtu anajua hiyo ngombe, sisi tutauliza yeye."

Mdomo wangu ukajibu kabla sijaupa ruhusa.

"Nitamchora kwa mkono wangu, na nitakuja naye mwenyewe, uniulize unachotaka."

Kisha akasema, "Hiyo ni sawa. Mkono iko na mwenyewe."

Wakuu, nilikata simu nikaona giza. Mbuzi nilimpata mara moja tu, na mbuzi ni mdogo.

Ng'ombe wangu anaitwa Sista, maana ni wa kahawia na kichwani ana weupe ulioshuka kama kitambaa cha sista wa misheni. Pembe moja inaangalia juu, nyingine inaangalia chini. Sikio la kulia mbwa aliling'ata kipande. Nimemkamua kila asubuhi tangu alipozaa mara ya kwanza, chuchu zake nazijua kama vidole vyangu.

Niliketi nyuma ya zizi siku mbili. Nikamchora, nikapitisha maji, akatokea mzuri ajabu. Nikamwegemeza kwenye uzio akauke.

Sista akasogea, akanusa, akatoa ulimi wote, akajilamba kwenye karatasi. Mgongo ukaenda. Akarudia, kichwa kikaenda. Alipoinua uso alikuwa na pua ya kahawia na ananiangalia kama mtu aliyefanya usafi.

Nikachora mwingine kwenye karatasi ngumu ya mwisho niliyokuwa nayo. Siku ya safari kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri, nikaogopa kuilowesha karatasi halafu isikauke njiani. Nikamfunga Sista mkavu kwenye karatasi ya nailoni, brashi nikaichomeka kwenye kilemba, kopo nikalitia kwenye mkoba.

Tulikwenda watu sita. Msemaji wetu alikuwa shemeji yangu Barasa, mdogo wa marehemu mume wangu. Huyo ndiye aliyeahidi ng'ombe wa pili, mweusi, wa maziwa, yuko kwa rafiki yake anakula majani. Mimi huyo mweusi sikuwahi kumwona. Barasa ana sauti nzuri na koti, zizi hana.

Merikit walitupokea vizuri. Turubai, viti, wanawake kwenye mikeka. Jikoni kulikuwa na kuku anayenukia mpaka mbingu ya tatu, na mgeni wa mahari haonji kitu mpaka maneno yaishe. Tumbo la Barasa lilianza kuzungumza kabla yake.

Nikamfungua Sista.

Mzee Obbo akavaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu.

"Hii ngombe iko mgonjwa."

"Si mgonjwa, mzee."

"Imepauka hivi? Hii karantini imeimaliza. Iko kama imekufa jana."

Wanawake wa upande wao wakaguna. Nikakumbuka nimemleta Sista mkavu.

"Naomba maji," nikasema.

Wakaleta beseni la kunawia mikono. Nikapiga magoti, magoti yakalia kabla yangu, nikachomoa brashi kichwani, nikaichovya, nikaanza na mgongo.

Wakuu, laiti mngekuwepo. Kahawia ikaamka. Ubavu ukajaa, shingo ikajaa, mapaja yakapata nyama, na kile kitambaa cha kichwani kikabaki cheupe pee kwa sababu nilimsikiliza Taaka.

"Inanenepa!" mama mmoja akapiga kelele. "Banange, inanenepa!"

Wote wakasimama. Mzee wa nyuma akarudisha kiti chake mita mbili. Shangazi mmoja akamziba mtoto macho.

"Nyabo, mama," Mzee Obbo akaniuliza taratibu, "hiyo maji ni ya wapi?"

"Ni yenu, ya kunawa."

Hapo vigelegele vikapigwa, wakacheka mpaka wa kwetu. Na mimi, mjinga wa sifa, nikaona kwa nini niishie hapo. Nikachovya tena. Taaka aliniambia maji kidogo. Aliniambia subiri ikauke. Masikio yangu yalikuwa yamejaa vigelegele.

Tone likadondoka kwenye tumbo la Sista. Rangi ikateremka, ikatanuka, ikatengeneza tumbo linalokaribia kugusa majani.

Mzee Obbo akavua miwani akaifuta akairudisha.

"Hii iko na mimba."

"Hapana mzee, hiyo si mimba, ni maji."

"Maji gani inakaa kwa tumbo hivyo? Mimi nimefuga ngombe tangu kitambo. Hii iko karibu kuzaa. Sisi tunapokea na ndama yake."

"Tunapokea!" upande wao wote wakaitikia.

Barasa akainuka na koti lake, akasema ndama hakuwa kwenye mazungumzo. Wao wakasema ndama yuko kwenye picha. Barasa akasema picha ni maji. Wao wakasema basi na ng'ombe ni maji. Walibishana kuhusu huyo ndama kwa saa nzima wakati kuku anapoa. Nikaapa kwa kila kitu kwamba Sista hana mimba, nikaeleza tone, nikaonyesha brashi. Mzee Obbo akaniuliza sikio limefanya nini, nikamwambia mbwa wa Adikini. Pembe je? Alizaliwa hivyo. Chuchu ipi inatoa kidogo? Ya nyuma kushoto, na usipoiosha kwa maji ya moto anapiga teke.

Akatikisa kichwa. "Sawa. Mimba tunaacha. Sasa chora ile ya pili, ile nyeusi. Penseli unayo, karatasi sisi tutatoa."

Barasa akatabasamu kama mtu aliyeokolewa. Akanigeukia.

"Shemeji, chora mweusi. Haraka, tule."

Nikamwangalia. Nikaangalia kopo, penseli nyeusi ilikuwa bado ndefu. Nikamwangalia Wandera, mikono yake mikubwa imekaa kwenye magoti kama ya mtoto. Athieno alikuwa amechungulia mlangoni, tukatazamana naye macho kwa macho.

Ilikuwa rahisi, wakuu. Miguu minne na mkia. Nani angejua?

"Ng'ombe ambaye sijamkamua simchori," nikasema.

Barasa akainama sikioni kwangu, Kisamia kikamtoka kwa moto. "Umerogwa? Ni karatasi tu! Weka weusi mwingi, weka mkia! Unataka mtoto akose mke kwa ajili ya penseli?"

"Ng'ombe ambaye sijamkamua simchori."

"Hata pembe tu, shemeji! Pembe moja!"

Nikafunga kopo. Kifuniko kikagoma mara mbili. Nilijua ninachofanya. Kama wangesema tuondoke, ni mimi ningekuwa nimemnyang'anya Wandera mke, na ningeishi naye nyumba moja nikimpakulia mukene kila jioni.

Mzee Obbo akalitazama kopo lililofungwa. Halafu akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha yote.

"Hii mama," akawaambia watu wake, "mjukuu wake anataka mke. Tumbo yake inataka kuku. Penseli iko kwa mkono. Na amekataa kuchora uongo. Sasa ile ngombe amechora, nani hapa bado anauliza kama iko?"

Hakuna aliyeuliza.

Wakampokea Sista palepale. Wa pili wakampa Barasa muda mpaka karantini iishe, amlete kwa miguu yake minne, na wakamwambia mbele ya watu wote aje na aliyemkamua. Barasa akaketi akawa mdogo ndani ya koti. Wandera akaja akanishika mikono yote miwili, na mimi nikamwambia aache kunichafua, nina rangi. Kisha tukala. Kuku alikuwa amepoa na sijawahi kula kuku mtamu vile.

Karantini imeisha. Sista amefika Merikit. Barasa alinunua mweusi wa kweli baada ya kuhangaika sana, na hakunisalimia vizuri mpaka majuzi. Athieno ni mkwe wangu na anajua kupika kuliko mimi, ingawa hilo msimwambie.

Picha Mzee Obbo ameitundika sebuleni juu ya redio. Kila mwisho wa mwezi ananipigia simu.

"Mama, ile mimba iko wapi?"

"Mzee, yalikuwa maji."

"Sisi tunangoja."

Nilichojifunza. Kwa wanaoanza penseli hizi: usilambe, hata kama ulimjua karani wa pamba. Karatasi iwe ngumu. Tone moja linatosha, na vigelegele visikuongezee maji. Usianike picha karibu na yule uliyemchora. Na ukiwa bibi wa miaka yangu ukaona ni mambo ya watoto, jaribu tu, mimi nimeanza na pasi yenye makaa na sasa niko ukutani kwa watu.

Haya, semeni na nyinyi. Kuna mwingine hapa ameanza kuchora uzeeni? Penseli nyeupe mnaifanyia nini? Wa Tororo, kuna duka lenye karatasi ngumu?

Ila jambo moja niliseme mapema, kwa sababu habari imetembea. Tangu mwezi uliopita wameshanijia wanaume wanne wenye mahari, mmoja amevuka kutoka upande wa Kenya na photo ya ng'ombe mwenye kengele shingoni. Juzi kaja Barasa mwenyewe, ana kijana anayetaka kuoa, ameniletea sukari na maneno matamu. Najua na humu wapo, watakuja inbox na "Bibi, naomba mmoja tu, mnene kidogo."

Nawajibu wote pamoja, kama nilivyomjibu Barasa na sukari yake.

Ng'ombe ambaye sijamkamua simchori.